Je, watu wa zamani walikuwa wajinga kiasi hicho?

Swali: "Nimekuwa nikisoma visa vya maisha ya zamani: pipi zilizoua watoto, wasichana wa kiwandani waliong'aa gizani, watu waliocheza ngoma hadi wakaanguka, watoto waliotumwa kwa posta. Vingine vinafanana na hadithi za kutunga. Je, ni vya kweli? Na kama ni vya kweli, watu wa zamani walikuwa wajinga kiasi hicho, hata wasione hatari iliyokuwa mbele ya macho yao?"

Ndugu msomaji, visa vyote vinne vilitokea, na ushahidi wake upo: ripoti za vifo, mashauri ya mahakama, kumbukumbu za mabaraza ya miji, barua za watu waliokuwapo. Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikae nikuandikie kwa urefu, kwa sababu nalisikia kila mara, na jibu linalotolewa kwa kawaida haliwatendei haki waliokufa. Ujinga ulikuwapo, sikatai. Lakini ukiyafuata matukio haya mpaka kwenye nyaraka, mara nyingi unakuta kwamba kabla ya msiba alikuwapo mtu aliyekwisha kuiona hatari. Ama aliisema asisikilizwe, ama alinyamaza kwa sababu kunyamaza kulimlipa. Kwa hiyo mimi huanza na maswali mawili: nani alijua, na alijua lini?

Tuanze na pipi. Mji ni Bradford, kaskazini mwa Uingereza, Jumamosi tarehe 30 Oktoba 1858. William Hardaker, ambaye wateja walimwita Humbug Billy, alipanga pipi zake za mnanaa sokoni na kuziuza kama siku zote. Usiku huohuo watu wakaanza kutapika. Watoto wawili wa kwanza walipokufa ilidhaniwa ni kipindupindu. Siku chache baadaye waliokufa walikuwa kama 20, na waliougua walizidi 200.

Ndani ya pipi zile mlikuwa na arseniki, sumu kali. Sukari ilikuwa ghali, na watengenezaji wa pipi walizoea kuipunguza kwa kuchanganya unga mweupe wa bei rahisi, jasi au mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambao wenyewe waliuita daff. Halikuwa jambo la siri katika biashara hiyo. Joseph Neal, aliyemuuzia Hardaker pipi kwa jumla, alimtuma mpangaji wake akanunue unga huo kwa mwuza dawa wa Shipley, Charles Hodgson. Hodgson alikuwa mgonjwa. Msaidizi wake, William Goddard, akamwuliza unga uko wapi, akaelekezwa kwenye pipa lililokuwa kwenye kona. Akapima ratili 12 kutoka pipa ambalo silo. Arseniki nayo ni unga mweupe.

Angalia kilichofuata. Fundi aliyezipika pipi hizo, James Appleton, aliugua akiwa kazini, wala hakuna aliyesimamisha kazi. Pipi zilipokauka zilikuwa na sura tofauti na ile ya kawaida. Hardaker aliliona hilo, naye akafanya kile ambacho mchuuzi yeyote angefanya: akaomba apunguziwe bei, akapunguziwa. Alionja bidhaa yake mwenyewe, naye akaugua. Tangu 1851 ilikuwapo sheria ya kudhibiti uuzaji wa arseniki, iliyotaka mnunuzi aandikwe kwenye daftari, lakini haikufaa kitu siku ile kwa sababu aliyeuza hakujua anauza nini. Wanaume watatu walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mashtaka dhidi ya wawili yakaondolewa, na Hodgson akaachiwa huru. Kuchanganya jasi kwenye pipi za watoto hakukuwa kosa.

Hilo ndilo linalonichoma zaidi katika kisa hiki. Kama Goddard angechota kwenye pipa alilokusudiwa, watoto wa Bradford wangekula jasi Jumamosi ile na kila Jumamosi nyingine, na hakuna gazeti ambalo lingeandika lolote. Kosa lake lilifichua udanganyifu uliokuwa umezoeleka mpaka haukumshtua mtu. Sheria ya kwanza dhidi ya kuchanganya vyakula ilipitishwa mwaka 1860, ikiwa dhaifu, na mwaka 1868 ikaja sheria iliyowabana wauza dawa na sumu.

Wasichana waliong'aa nitawafikia, lakini kwanza nikupeleke kwenye kiberiti, kwa maana hapo ndipo muda kati ya kujua na kutenda unapopimika vizuri zaidi.

Kuanzia miaka ya 1830 njiti za kiberiti zilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe. Iliwaka popote ulipoikwaruza, iwe ukutani au kwenye soli ya kiatu, na watu waliipenda kwa hilo. Viwandani, mvuke wake uliingia kinywani mwa wafanyakazi na kupenya kwenye taya kupitia meno yaliyooza. Ilianza kama maumivu ya jino. Jino likang'olewa, kidonda kisipone, usaha ukatoka, vipande vya mfupa vikaanza kujitokeza. Harufu ilikuwa mbaya kiasi kwamba ndugu wa mgonjwa walishindwa kukaa naye chumba kimoja. Tiba pekee ilikuwa kuliondoa taya lenyewe, na aliyeponea hapo aliishi maisha yake yote akinywa uji na supu huku akificha uso kwa kitambaa.

Daktari mmoja wa Vienna, Lorinser, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1845. Katika miaka hiyohiyo ya 1840, na katika mji huohuo, mkemia Anton Schrötter alipata fosforasi nyekundu, isiyo na sumu ya namna hiyo. Huko Uswidi, Gustaf Pasch alikuwa amebuni njiti ya usalama mwaka 1844, ile inayowaka tu ikikwaruzwa kwenye ubavu wa boksi lake, na kufikia 1855 ndugu wawili wa Jönköping, akina Lundström, walikuwa wakiitengeneza na kuionyesha hadharani kwenye maonyesho ya Paris. Yaani ugonjwa ulijulikana na dawa yake ilikuwa mkononi. Finland ilipiga marufuku fosforasi nyeupe mwaka 1872, Denmark mwaka 1874. Mkataba wa kimataifa ulisubiri mpaka 1906, uliposainiwa Bern. Hesabu kutoka 1845: ni miaka 61.

Kwa nini muda wote huo? Fosforasi nyeupe ilikuwa rahisi zaidi, wateja waliizoea, na kila serikali ilisema ikiikataza peke yake viwanda vyake vitashindwa na vya jirani. Jijini London, wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May waligoma mwezi Julai 1888. Walilalamikia faini walizokatwa kwenye ujira mdogo, na kulazimika kula chakula chao palepale penye fosforasi. Walishinda: faini zikafutwa, wakapata mahali tofauti pa kulia. Ni ushindi ninaouheshimu sana, kwa sababu waliupata watu ambao jamii yao iliwahesabu kuwa si kitu. Lakini fosforasi yenyewe ilibaki. Mwaka 1898 kampuni ilipatikana na hatia ya kutotoa taarifa za wagonjwa 17 wa taya. Ikatozwa faini ya pauni 25 na ushee. Iliacha kutumia fosforasi nyeupe mwaka 1901.

Sasa wasichana waliong'aa. Hapa hadithi inayosambaa mitandaoni husema kwamba enzi hizo hakuna aliyejua kuwa radiamu, metali inayotoa mnururisho (mionzi hatari), ina madhara. Si kweli, na nitakueleza kwa nini nina uhakika.

Katika mji wa Orange, New Jersey, kiwanda kiliajiri wasichana kupaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu, ili zisomeke gizani. Kazi ilishamiri wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa kuwa askari walizihitaji saa hizo kwenye mahandaki. Walilipwa kwa idadi ya nyuso za saa walizomaliza. Brashi yenye nywele chache ilipoteza ncha baada ya mapigo machache, hivyo walifundishwa kuichonga kwa midomo: midomoni, kwenye rangi, kwenye saa, kisha midomoni tena. Kila mzunguko uliwaachia rangi kidogo ya kumeza. Vumbi liliwaganda kwenye nywele na nguo, na walipotoka usiku waling'aa. Baadhi yao walijipaka kwenye kucha na meno kabla ya kwenda dansi. Waliambiwa haina madhara, na wengine waliamini inaleta afya, kwa sababu madukani wakati huo ziliuzwa dawa za radiamu kwa kila maradhi.

Katika jengo hilohilo, wakemia walioshughulika na radiamu yenyewe walijikinga kwa ngao za madini ya risasi na kuishika kwa koleo. Ukitaka kujua nani alijua nini, tazama nani alipewa kinga na nani hakupewa.

Radiamu mwilini hufuata njia ya kalisi. Mwili huipeleka kwenye mifupa, nayo hukaa humo ikiichoma kutoka ndani. Amelia Maggia alianza na jino lililouma. Ikaendelea mpaka daktari wake wa meno akautoa mfupa wa taya kwa vidole tu, kwa jinsi ulivyokuwa umeoza. Alikufa Septemba 1922. Kwenye cheti cha kifo iliandikwa kaswende. Fikiria maana ya neno hilo kwa familia ya msichana aliyekufa miaka ile, na jinsi lilivyomfaa mwajiri wake. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1927, jeneza lake lilifukuliwa na mifupa ikapimwa. Ilikuwa imejaa mnururisho, na hakukuwa na dalili yoyote ya kaswende.

Mwaka 1924 kampuni yenyewe ilimwita mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Cecil Drinker, achunguze kiwanda. Alipomaliza alieleza wazi kwamba radiamu ndiyo inayowaumiza wafanyakazi. Kampuni iliificha ripoti, na wakuu wa idara ya kazi ya jimbo wakapelekewa maelezo yaliyogeuzwa, yakisema wasichana wote wako katika afya njema. Udanganyifu ulijulikana baadaye, Drinker akachapisha matokeo yake mwaka 1925. Mwaka huohuo mchunguzi wa vifo wa wilaya, Harrison Martland, alithibitisha kwa vipimo kwamba radiamu imo miilini mwa wagonjwa walio hai.

Grace Fryer, mmoja wa wapaka rangi wa zamani, alihangaika miaka miwili kumpata wakili wa kumtetea. Alipompata, mwaka 1927, sheria ya jimbo ilimsubiri mlangoni: mfanyakazi alipaswa kudai ndani ya miaka 2 tangu alipoumizwa. Radiamu ilichukua muda mrefu zaidi ya huo kujionyesha. Yeye na wenzake wanne walifika mahakamani Januari 1928 wakiwa wamedhoofu kiasi kwamba wengine hawakuweza kuinua mkono kula kiapo. Juni mwaka huo walikubali kulipwa dola 10,000 kila mmoja, dola 600 kwa mwaka maadamu wako hai, na gharama za matibabu. Huko Ottawa, Illinois, kampuni nyingine iliyofanya kazi hiyohiyo ilitangaza gazetini kwamba wafanyakazi wake wamepimwa na wako salama. Mmoja wao, Catherine Donohue, alikuja kutoa ushahidi mwaka 1938 akiwa amelala kwenye kochi nyumbani kwake, na akafariki mwaka huohuo. Kesi yake ilishinda.

Nimekaa kwa wasichana hawa makusudi. Nikisoma mahali wakitajwa kama kichekesho cha enzi za ujinga, huwa naumia. Wao ndio waliolazimisha sheria zitambue kwamba kazi inaweza kukuua polepole, miaka mingi baada ya kuiacha.

Rangi ya kijani yenye arseniki, ile ya karatasi za ukutani na magauni, nitaigusa kwa kifupi, maana ni mwendo uleule. Mtengenezaji wa maua bandia wa London, Matilda Scheurer, alikuwa na miaka 19 alipokufa Novemba 1861. Kazi yake ilikuwa kunyunyizia majani ya bandia unga wa kijani. Matapishi yake yalikuwa ya kijani, na weupe wa macho yake pia uligeuka kijani. Mkemia Leopold Gmelin alikuwa ameonya juu ya karatasi za rangi hiyo tangu 1839. William Morris, yule msanii maarufu wa karatasi za ukutani, ambaye utajiri wa familia yake ulitoka kwenye hisa za mgodi uliozalisha arseniki, bado aliwadharau madaktari waliolalamika alipoandika barua mwaka 1885. Simwiti mjinga. Alikuwa mmoja wa watu wenye akili nyingi wa kizazi chake. Lakini ni vigumu mno mtu kuelewa jambo ambalo riziki yake inategemea asilielewe.

Wengine hawakuhitaji hata kemia. Jijini Boston, kwenye mtaa wa North End walikoishi wahamiaji wengi wa Kiitaliano, lilisimama tangi la molasi lenye urefu wa meta 15. Lilijengwa mwaka 1915 kwa haraka, ili liwe tayari kabla meli ya kwanza haijafika, chini ya usimamizi wa Arthur Jell, mtu wa mahesabu asiyejua kusoma michoro ya uhandisi. Halikujaribiwa kwa kujazwa maji. Lilivuja tangu mwanzo, hata watoto wa mtaa wakawa wanakwenda na vikopo kukinga molasi iliyochuruzika. Malalamiko yalipofika ofisini, kampuni ilichukua hatua: ikalipaka tangi rangi ya kahawia ili michirizi isionekane. Funika kombe mwanaharamu apite.

Tarehe 15 Januari 1919, mchana, tangi lilipasuka. Galoni milioni 2.3 zilitoka kwa mkupuo mmoja, wimbi likabomoa majengo na kupinda nguzo za reli ya juu. Watu 21 walikufa, wengine wapatao 150 wakajeruhiwa. Kampuni ilidai ni bomu la wanaharakati waliopinga serikali, dai lililokubalika kirahisi wakati ule kwa kuwa wahamiaji wa Kiitaliano walishukiwa kwa kila jambo. Usikilizaji ulichukua miaka, na mwaka 1925 Hugh Ogden, aliyepewa kazi ya kusikiliza ushahidi wote, aliamua kwamba tangi lilikuwa dhaifu. Sheria za Massachusetts zilizotaka michoro ya ujenzi ithibitishwe na mhandisi zilitokana na msiba huo.

Miaka zaidi ya mia moja kabla yake, London ilipata gharika ya bia. Tarehe 17 Oktoba 1814 pete ya chuma ilichomoka kwenye pipa kubwa la kiwanda cha Meux. Karani wa stoo, George Crick, alitoa taarifa, akaambiwa hakuna madhara. Kama saa moja baadaye pipa likapasuka, na watu 8, wanawake na watoto, wakafa kwenye nyumba duni zilizokuwa nyuma ya kiwanda. Uamuzi ulikuwa kwamba ni ajali tu, na kampuni ikarudishiwa kodi iliyokuwa imelipia bia hiyo.

Umenitajia wacheza ngoma. Hapo, na ni haki niseme, sioni mtu wa kumlaumu kwa kunyamaza. Julai 1518, huko Strasbourg, mwanamke anayetajwa kama Frau Troffea alianza kucheza barabarani, akaendelea siku baada ya siku. Wengine wakajiunga, na masimulizi ya zama zile yanawataja hadi 400. Baraza la mji liliwauliza madaktari, wakajibu kwamba damu ya wagonjwa imepata moto na watapona kwa kuendelea kucheza. Basi baraza likafungua kumbi za vyama vya mafundi, likajenga jukwaa sokoni, likaajiri wapiga muziki. Hali ikazidi. Likageuza uamuzi, muziki ukapigwa marufuku, na wagonjwa wakapelekwa kwa mikokoteni mahali patakatifu pa Mtakatifu Vitus, huko Saverne, ambako hatimaye ugonjwa ulitulia.

Masimulizi mengi yanakupa idadi ya vifo kwa siku. Kumbukumbu za mji za wakati ule haziitaji, kwa hiyo mimi siirudii. Zinachotaja ni njaa iliyotangulia, bei za nafaka zilizopanda, maradhi mapya, na imani iliyoenea kwamba Mtakatifu Vitus akikasirika humpiga mtu kwa laana ya kucheza. Mwanahistoria John Waller amejenga hoja, nami nakubaliana naye, kwamba watu waliolemewa na dhiki kiasi hicho waliingia katika hali ya kupagawa iliyofuata umbo la hofu yao. Baraza lilifanya kosa, lakini lilifanya kosa likitumia ushauri bora lililoupata, na lilipoona haufai likabadili mwendo ndani ya wiki chache. Linganisha wiki hizo na miaka 61 ya fosforasi, kisha niambie nani alikuwa na akili.

Watoto waliotumwa kwa posta ni kisa chepesi zaidi. Marekani ilianza huduma ya vifurushi tarehe 1 Januari 1913, na kanuni hazikuwa zimesema lolote kuhusu watoto. Maarufu kuliko wote ni May Pierstorff wa Idaho, aliyesafirishwa kwa nyumba ya bibi yake tarehe 19 Februari 1914 akiwa na stempu za senti 53 kwenye koti. Lakini hakutupwa ndani ya gunia. Alisindikizwa na ndugu wa familia aliyekuwa akifanya kazi kwenye behewa la posta, na stempu zilikuwa rahisi kuliko tiketi ya treni. Picha za tarishi mwenye kichanga kwenye mfuko wa barua zilipigwa kwa mzaha.

Hapo hapo nikutahadharishe kuhusu picha nyingine: zile za karne ya 19 zinazodaiwa kuonyesha maiti zilizosimamishwa kwa chuma mgongoni. Chuma kile kilimsaidia mtu aliye hai asitikisike, kwa kuwa kamera za wakati ule zilihitaji muda mrefu kunasa picha. Hakikuwa na nguvu ya kubeba mwili usio na uhai. Picha za marehemu zilipigwa kweli, ila waliokufa walilazwa kitandani au kupakatwa.

Kwa upande wa maiti, ukweli una giza kuliko uzushi. Uingereza, kabla ya 1832, vyuo vya udaktari vilipewa kisheria miili ya wauaji walionyongwa tu, na haikutosha. Wezi wakafukua makaburi. Kisheria mwili wa binadamu haukuwa mali ya mtu yeyote, hivyo kuuiba lilikuwa kosa dogo; sanda ilikuwa mali, na kuiiba lilikuwa kosa kubwa. Kwa hiyo wezi wenye uzoefu walimvua marehemu, wakairudisha sanda kaburini, wakafukia, wakaenda na mwili. Walimu wa vyuo waliopokea miili mibichi usiku, kupitia mlango wa nyuma, hawakuuliza ilikotoka. Katika mazingira hayo William Burke na William Hare, huko Edinburgh, waligundua kwamba si lazima kungoja mtu afe. Mwili wa kwanza, wa mpangaji aliyekufa kwa maradhi, waliuza kwa pauni 7 na shilingi 10. Baada yake waliwaua watu 16 na kuwapeleka kwa Dakta Robert Knox. Burke alinyongwa Januari 1829, na mifupa yake bado ipo kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachiwa. Knox hakushtakiwa. Sheria ya 1832 ilimaliza biashara hiyo kwa kuruhusu vyuo kuchukua miili isiyodaiwa na ndugu, ambayo kwa vitendo ilimaanisha ya maskini waliofia kwenye nyumba za wasiojiweza.

Huwa naulizwa pia ni kisa kipi kinachoninyima usingizi, na naona kinahusu swali lako moja kwa moja. Mwaka 1937, Marekani, kampuni ya Massengill ilitaka kuuza dawa mpya ya maambukizo, salfanilamaidi, katika hali ya maji ili watoto waweze kuinywa. Mkemia wake, Harold Watkins, aliiyeyusha katika daiethilini glaikoli, kimiminika kitamu kidogo chenye uwezo wa kuua figo, kisha ikatiwa ladha ya rasiberi. Iliangaliwa rangi, harufu na ladha. Haikujaribiwa kama ina sumu, kwa sababu sheria haikudai hivyo. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi waliokuwa na maumivu ya koo. Serikali ilipotaka kushtaki, kosa pekee ililolipata lilikuwa la jina: kwa mujibu wa kanuni, dawa iliyoitwa "elixir" ilipaswa kuwa na pombe, na hii haikuwa nayo. Watkins alijiua. Bunge lilipitisha sheria mpya mwaka 1938, iliyolazimisha dawa ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa.

Basi tangu 1937 hatari ya kemikali hii inajulikana. Mwaka 1990 iliua watoto Nigeria. Katikati ya miaka ya 1990 ikaua watoto Haiti, mwaka 2006 ikaua watu Panama. Mwaka 2022, nchini Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na mwezi Oktoba Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kuhusu dawa za maji za kikohozi na mafua zilizoagizwa kutoka nje, ambazo ndani yake kulikutwa kemikali hiyohiyo. Mara nyingi huingia kwa njia ileile: ni rahisi kuliko vimiminika salama inavyofanana navyo, mtu kwenye mnyororo wa biashara anaibadilisha au kuchanganya, na kiwanda hakipimi kila pipa kinalopokea ingawa kipimo chake kipo. Mwaka 2023 baadhi ya wazazi wa Gambia walikwenda mahakamani nchini mwao, wakimshtaki mtengenezaji pamoja na mamlaka za serikali zilizokuwa na wajibu wa kuikagua dawa kabla haijafika kwa watoto wao.